Kutoka Nairobi Mpaka London kwa Ndege: Maili ni Zile Zile, Siku Zimepungua

Watu wengi huuliza, na watoto wa shule huuliza zaidi: Je, kutoka Nairobi mpaka London ni mbali kadiri gani? Jibu lake ni fupi. Ni maili 4,250 hivi, yaani kilomita 6,840, ikiwa ndege itafuata njia iliyonyoka. Lakini jibu hilo, ingawa ni la kweli, halimtoshi kila mtu. Mkulima aliyechuma maharagwe mabichi leo asubuhi hataki kujua maili. Ataka kujua kama yatafika sokoni kabla hayajanyauka. Mzazi aliyempeleka mwanawe ng'ambo kusoma hahesabu maili. Ahesabu siku za kungoja habari. Umbali ni kitu kimoja kwa mpima ramani, na ni kitu kingine kwa mwenye mzigo.

Yafaa basi jambo hili litazamwe kwa taratibu: kwanza, jinsi umbali huo unavyopimwa, pili, jinsi safari ilivyopungua toka wiki hata saa, na tatu, faida na hatari iliyomfikia mkulima wa Kenya kwa sababu hiyo.

UZI JUU YA TUFE

Mtu akichukua ramani ya ukutani akapiga mstari kwa rula toka Nairobi mpaka London, atadhani ameipata njia iliyo fupi kuliko zote. Hasha. Ramani ni karatasi bapa, na dunia ni mviringo kama chungwa. Ganda la chungwa haliwezi kutandazwa mezani bila kupasuka; kadhalika uso wa dunia hauwezi kutandazwa juu ya karatasi bila kuvutwa huku na kubanwa kule. Njia fupi ya kweli hupatikana kwa kuchukua tufe la dunia, lile lililo katika shule nyingi, na kuukaza uzi toka mji mmoja hata wa pili. Pale uzi unapolala ndipo ilipo njia.

Uzi huo ukitoka Nairobi huelekea kaskazini, ukiegemea magharibi kidogo. Hupita juu ya nchi kavu ya Turkana, ukaingia Sudan Kusini na Sudan, ukakata jangwa mahali Misri na Libya zinapopakana, ukavuka Bahari ya Mediterania. Halafu hupita juu ya Italia na milima ya Alps yenye theluji, kisha Ufaransa, na mwisho huvuka ule mlango mwembamba wa bahari unaoitenga Uingereza na bara.

Ili kuufahamu urefu huo, msomaji na afikiri juu ya reli ya kutoka Nairobi mpaka Mombasa, ile iliyojengwa zamani, yenye urefu wa maili 330 hivi. Safari ya London ni kama kwenda Mombasa mara kumi na tatu bila kurudi. Mtu mwenye miguu ya chuma, awezaye kutembea maili 20 kila siku pasipo kupumzika hata Jumapili, angehitaji miezi saba, na bado ingembidi kutafuta mashua mara mbili.

Tena kuna jambo la saa. London ndiko unakopita ule mstari wa longitudo unaohesabiwa kuwa sifuri, na Nairobi iko karibu digrii 37 upande wa mashariki. Kwa hiyo jua huwafikia watu wa Nairobi kwanza. Saa kumi na mbili ya asubuhi mjini Nairobi ni saa tisa ya usiku mjini London wakati wa baridi. Wakati wa kiangazi chao Waingereza huzisogeza saa zao mbele, na tofauti ikawa saa mbili tu. Ndiyo sababu msafiri aondokaye Nairobi usiku wa manane hufika London saa kumi na mbili ya asubuhi wakati wa baridi, akafikiri kuwa amesafiri saa sita. Kumbe ni saa tisa. Tatu kati ya hizo zimefichwa na mzunguko wa dunia.

SIKU ZA MELI NA BARUA

Reli ilipofika mahali pa Nairobi mwaka 1899, safari ya Uingereza ilianza kwa gari la moshi mpaka Mombasa, kisha meli. Meli ilikwenda Aden, ikapanda Bahari ya Shamu, ikapita mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, ikavuka Mediterania na kuingia bahari kuu. Wiki tatu zilipita, pengine zaidi. Karani aliyeandika barua kwenda London, ijapokuwa ilijibiwa siku ile ile ilipofika, hakutazamia jibu kabla ya mwezi mmoja na nusu. Katika muda huo mahindi hupandwa, yakaota, yakapaliliwa.

Mwaka 1920 watu wawili wa Afrika ya Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walijaribu kuruka toka Uingereza hata Cape Town. Waliondoka tarehe 4 Februari wakafika tarehe 20 Machi. Njiani waliharibikiwa na ndege mbili, wakaimaliza safari kwa ndege ya tatu. Siku 45 hazikuwa fupi kuliko za meli! Lakini walionyesha kwamba njia iko, na ya kwamba shida kubwa ilikuwa chini wala si juu: viwanja vilikuwa vibaya, mafuta hayakuwapo karibu, na joto la nchi lilizidhoofisha injini.

NDEGE ZILIZOTUA ZIWANI

Kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial Airways ilianza safari ya kila wiki toka London hata Mwanza tarehe 28 Februari 1931. Januari 1932 njia hiyo iliongezwa mpaka Cape Town, kwanza kwa barua, na baada ya miezi michache kwa abiria pia. Safari nzima mpaka Cape Town ilipangiwa siku 11. Msafiri wa Nairobi, ambaye mji wake uko katikati ya njia, alifika kwa muda wa yapata wiki moja.

Msomaji asifikiri kuwa safari hiyo ilikuwa ya ndege moja. Msafiri aliondoka London kwa ndege, akapanda gari la moshi katika nchi za Ulaya, akaingia ndege ya majini kuvuka Mediterania, akapanda gari la moshi tena katika Misri, halafu ndege nyingine. Ndege ya majini ilikuwa na tumbo kama la mashua. Haikuhitaji uwanja, bali ilitua juu ya mto au ziwa. Ilipofika Kisumu ilitua katika Ziwa Victoria, na hapo watu na mifuko ya barua wakahamishiwa ndege ya magurudumu iliyokuja Nairobi na kuendelea kusini. Giza lilipoingia safari ilisimama, na abiria walilala katika nyumba za wageni kando ya njia.

Kwa makarani na watu wote waandikao barua, mwaka wa kukumbukwa ni 1937. Mwaka huo ndege kubwa mpya za majini zilianza kuja mpaka Kisumu, zikashuka Mombasa na pwani yote hata Durban. Wakati huo huo Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kuzichukua barua za kawaida kwa ndege bila malipo ya ziada. Barua yenye uzito wa nusu aunsi ilitoka Uingereza kuja nchi hizi kwa peni moja na nusu. Hivyo upesi haukuwa tena mali ya matajiri peke yao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ndege za majini zilirudi kwa muda, mpaka mwaka 1950, na katika miaka hiyo ya mwisho zilitua Ziwa Naivasha. Abiria waliteremka kwa mashua, wakaletwa Nairobi kwa njia ya barabara. Jina hilo la Naivasha msomaji alikumbuke, kwa maana litarudi.

MFALME NAYE HUNGOJA MVUA

Tarehe 6 Februari 1952 Mfalme George wa Sita wa Uingereza alifariki. Binti yake Elizabeth alikuwa karibu na Nyeri, mgeni katika nchi ya Kenya, na huko ndiko alikopata habari ya kuwa amekuwa Malkia. Ilimpasa kurudi London bila kukawia. Aliruka toka Nanyuki mpaka Entebbe, ambako ndege kubwa ya injini nne ilikuwa ikimngoja. Lakini tufani ya ngurumo na mvua iliikalia Entebbe, na ndege ikachelewa. Haikuondoka mpaka karibu na usiku wa manane. Ilitua Libya kutia mafuta, ikafika London alasiri ya siku ya pili. Safari hiyo ilichukua muda wa saa ishirini hivi. Hapo watu wote waliona mambo mawili: kwamba toka mlima Kenya hata London si wiki tena bali siku moja, na ya kwamba wingu la mvua halimjui Malkia wala mtu wa kawaida.

FUNZO LA COMET

Miezi mitatu baadaye, tarehe 2 Mei 1952, ndege iitwayo Comet iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa ndege ya kwanza duniani ya namna ya jeti iliyochukua abiria wa kulipa kwa ratiba ya kawaida. Haikuwa na rafadha za kuzunguka mbele. Injini zake zilivuta hewa, zikaichoma pamoja na mafuta, zikaitupa nyuma kwa nguvu. Ilipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikamaliza safari nzima chini ya saa 24.

Lakini wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Tarehe 10 Januari 1954 Comet moja ilivunjika angani ikaanguka baharini karibu na kisiwa cha Elba. Tarehe 8 Aprili mwaka ule ule nyingine ikaanguka baharini karibu na Naples. Wote waliokuwamo walikufa. Ndege zote za namna hiyo zikasimamishwa. Mafundi wa Farnborough walichukua Comet nzima, wakaitia ndani ya birika kubwa la maji, wakaujaza mwili wake maji kwa nguvu na kuyapunguza, tena na tena, kana kwamba inapanda na kushuka angani kila siku. Mwisho bati lake lilipasuka. Ikajulikana kuwa chuma nacho huchoka, kama waya ukipindwa mara nyingi hukatika. Ndege zote zilizofuata zilijengwa kwa elimu hiyo. Msafiri wa leo alalaye usingizi juu ya jangwa hulindwa na funzo lililonunuliwa kwa roho za watu.

UWANJA WA EMBAKASI

Uwanja wa zamani wa Eastleigh haukufaa kwa ndege kubwa za siku zile. Uwanja mpya ukajengwa katika nyika ya Embakasi, ukafunguliwa mwaka 1958 na Gavana, Sir Evelyn Baring. Si haki kuusifu uwanja ule bila kukumbuka ni mikono ya nani iliyoujenga. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wafungwa na watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari, kwa majembe na karai, chini ya jua kali. Baada ya uhuru, uwanja uliendelea kupanuliwa, na mwaka 1978 ukapewa jina la Jomo Kenyatta, ambaye mwenyewe alikuwa amefungwa katika siku hizo za Hali ya Hatari.

Watu huuliza kwa nini njia yake ya kurukia ni ndefu hivyo, zaidi ya meta 4,000. Sababu ni mwinuko wa nchi. Nairobi iko juu ya bahari kwa futi zaidi ya 5,000, na hewa ya nchi za juu ni nyepesi. Mbawa za ndege hubebwa na hewa. Ikiwa hewa ni nyepesi, ndege hulazimika kukimbia sana chini kabla ya kuinuka. Jua likiwa kali, hewa huwa nyepesi zaidi. Ndege yenye mzigo mzito na mafuta ya kufika Ulaya huona nafuu kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946 kwa nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilipata Comet zake za namna mpya iliyotengenezwa upya mwaka 1960, na mwaka 1966 likapata ndege za VC10. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na mwaka huo huo Kenya Airways ikaanzishwa. Leo ndege huitoka Nairobi ikafika London bila kutua, kwa muda wa saa nane na nusu hata tisa. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja mpaka New York, zaidi ya maili 7,300, kwa muda wa saa 15 hivi.

WARIDI HALIWEKWI AKIBA

Sasa turufu ya habari hii imo mikononi mwa mkulima. Mahali pale pale Naivasha, ambapo ndege za majini ziliwateremsha wageni mpaka mwaka 1950, leo pana mashamba makubwa ya maua. Waridi hukatwa asubuhi, likatiwa majini, likapozwa katika chumba cha baridi, likapelekwa Embakasi kwa lori lenye ubaridi, na usiku ndege ikalichukua. Siku ya pili liko Uholanzi au Uingereza. Maharagwe mabichi ya wakulima wadogo hufuata njia hiyo hiyo. Mkulima mwenye ekari moja, ambaye babu yake hakuweza kuuza mboga zaidi ya soko la karibu, sasa mboga zake huliwa maili 4,250 toka shambani mwake.

Lakini mtu aliyejenga nyumba yake juu ya njia moja hana budi kuitazama njia hiyo kila siku. Aprili 2010 mlima wa moto katika nchi ya Iceland ulilipuka na kutupa majivu angani. Majivu ya namna hiyo yakiingia katika injini ya jeti huyeyuka na kuizima. Kwa muda wa siku sita hivi anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ilifungwa. Naivasha hakukuwa na jivu wala moshi. Jua liliwaka na maua yakachanua kama desturi. Hata hivyo vyumba vya baridi vilijaa, maua yakatupwa, na maelfu ya wafanya kazi wakaambiwa wakae nyumbani. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini waridi ni mali isiyowekwa akiba.

Tena, mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Kenya ilisimamisha ndege za abiria za nchi za nje mpaka tarehe 1 Agosti. Wengi hawakujua kuwa mboga na maua mengi husafiri chini ya miguu ya abiria, katika tumbo la ndege ile ile. Abiria walipokosekana, nafasi ya mizigo ikapungua na gharama ikapanda. Na vita vilipozuka Sudan, Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege zilizokuwa zikiufuata ule uzi ulionyoka zikalazimika kuzunguka. Tufe halikubadilika hata kidogo, bali njia ikawa ndefu na mafuta yakaliwa zaidi.

Kwa hiyo mkulima mwenye busara huchagua mmea wake kwa kupima safari. Parachichi lililochumwa likiwa gumu huweza kuvumilia wiki kadhaa ndani ya meli, likiwekwa penye baridi. Maharagwe mabichi hayawezi. Kahawa na chai hazina haraka kabisa. Aliye na mmea wa ndege na mmea wa meli katika shamba moja, na kipande cha mahindi kwa ajili ya watoto wake, haogopi sana mlima wa moto wa nchi asiyoijua. Vyama vya ushirika navyo vyaweza kuwasaidia wanachama kwa kununua chumba cha baridi kimoja cha wote, ili mzigo ukichelewa siku moja usiwe hasara ya msimu mzima.

Mtoto wa shule aliyeuliza swali mwanzoni amekwisha pata jibu lake: maili 4,250. Zilikuwa hizo hizo mwaka 1899, gari la moshi lilipofika Nairobi, nazo zitakuwa hizo hizo wajukuu wake watakapouliza. Kilichopungua ni siku, toka wiki tatu mpaka usiku mmoja. Hakika usiku huo mmoja hutegemea mambo mengi: chuma kisichochoka, uwanja mrefu, anga safi, na amani katika kila nchi iliyo chini ya uzi.